Diski ya 4TB kwenye seva ndogo ya ofisi: namna ya kuipiga Windows au Ubuntu ikawaka na usipoteze nusu ya diski

Wakuu habari za mihangaiko. Huu mwongozo ni wa yule mwenye seva moja tu ofisini, duka la pembejeo pale Mwanjelwa, kiwanda cha mbao Mafinga, zahanati ya Makambako, ghala la parachichi Njombe, sehemu ambayo hakuna mtu wa IT wa kuajiriwa, yupo dada wa akaunti na fundi anayepigiwa simu mambo yakizingua. Zamani seva kama hiyo ilikuwa na diski ya GB 500 na maisha yanaenda, sikuhizi bosi anataka mahesabu, stoo, skani za risiti na kamera za ulinzi vyote vikae humo humo, kwahiyo anaagiza diski mbili za 4TB toka Kariakoo, zinapanda basi la usiku, asubuhi unaambiwa fundi njoo upige Windows. Unapiga, inaisha vizuri tu, alafu unafungua Disk Management unakuta GB 2048 zinasomeka na nyingine GB 1678 zimekaa pembeni na mstari mweusi, ukizigusa hakuna menyu inayokubali. Au Windows inagoma kabisa kuingia tangu mwanzo.

Diski haijafa na wala sio feki. Ni kwamba kuna uamuzi ulitakiwa kufanyika kabla hujachomeka flashi, na haukufanyika, na ukishaweka data za miezi sita juu yake kuurudia unauma. Ndo maana nimeandika hii kwa mpangilio wa kazi yenyewe, twende taratibu.

Kwanza uelewe inagoma wapi

Mtindo wa zamani wa kugawa diski unaitwa MBR. Huo unahesabu sekta za diski kwa namba ya biti 32, yaani sekta zisizozidi 4,294,967,296, na kila sekta ina baiti 512, ukizidisha unapata baiti 2,199,023,255,552. Hapo ndo mwisho wake. Ni kama kitabu cha risiti kilichochapwa namba tayari, ukifika risiti ya mwisho mteja yupo, mzigo upo, ila namba ya kumuandikia huna. Diski ya 4TB yenyewe Windows inaisoma kama GB 3726 hivi (muuza diski anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024, usiende kugombana na mwenye duka), toa 2048 unabaki na zile 1678 zilizokaa nyeusi.

Mtindo mpya ni GPT, unatumia namba za biti 64 na hautakusumbua kwa ukubwa wowote wa diski utakayonunua maisha yako yote. Ila una sharti, na hapa ndo wengi wanachanganya mambo: diski ya DATA ikiwa GPT haina masharti yoyote, hata seva ya zamani kabisa Windows ikishawaka inaisoma vizuri tu. Ni diski ya KUWASHIA ndo ina sharti, Windows haiwaki kutoka kwenye diski ya GPT mpaka mashine iwe inawaka kwa UEFI (programu mpya ya kwenye ubao inayowasha mashine), sio kwa BIOS ya zamani ile inayoitwa Legacy. Linux haina roho mbaya kiasi hicho, inaweza kuwaka kutoka GPT hata kwenye BIOS ya zamani, nitaeleza huko chini.

Ukiielewa hiyo aya ya juu, zaidi ya nusu ya kazi umeshaimaliza. Yanayobaki ni kubonyeza.

Hatua ya 1: jua seva uliyonayo

Usikubali kuambiwa "ni seva ya HP". Soma mbele ya boksi. HP ProLiant kuanzia Gen9 zina UEFI, Gen8 nyingi hazina, na huku kwetu Gen8 za mtumba zimejaa kwasababu bei yake inalipika. Dell PowerEdge za kizazi cha R720 na T320 na kuendelea zina UEFI, unachagua mwenyewe kwenye setingi. Tower za kawaida za ofisi zinazogeuzwa seva (na ni nyingi, tusidanganyane) karibia zote za miaka ya 2013 kuja juu zina UEFI, ila mara nyingi utaikuta imewekwa Legacy na fundi aliyepita kwasababu alikuwa na flashi ya Windows 7.

Kama Windows ipo tayari, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, alafu angalia mstari wa BIOS Mode. Itakwambia UEFI au Legacy. Kwenye Ubuntu andika `ls /sys/firmware/efi`, ikileta vitu ni UEFI, ikisema hakuna hiyo folda basi ni BIOS.

Hatua ya 2: jiulize kama kweli unahitaji kuwashia hiyo diski kubwa

Maoni yangu, na sibadilishi: kama kuna nafasi ya kuchomeka SSD ndogo ya GB 240, iweke hiyo ya kuwashia na hizo 4TB zibaki kuwa za data. Shida nzima ya 2TB inaisha hapo hapo, hata kama seva ni ya BIOS tu, seva inawaka haraka, na siku Windows ikiharibika unafomati SSD peke yake bila kugusa mahesabu ya mtu. Ikiwezekana weka SSD mbili zikae RAID 1 (zote mbili zinabeba nakala ile ile, moja ikifa nyingine inaendelea), lakini hata moja yenye bakapu nzuri ni bora kuliko Windows na data kukaa chungu kimoja.

Sasa kuna seva ambazo sehemu za diski ni mbili au nne tu na bosi kashanunua diski kubwa zote, hela imeisha. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuikata kwenye kadi ya RAID, ya pili ni UEFI na GPT moja kwa moja. Kama seva yako ni Gen8 au nyingine isiyo na UEFI na unataka Windows, unabaki na ya kwanza peke yake.

Hatua ya 3: kukata kwenye kadi ya RAID

Hii njia watu wengi hawaijui na ni tamu sana. Kadi ya RAID haina lazima ya kukupa diski moja kubwa. Ukiwa na diski mbili za 4TB kwenye RAID 1, unaweza kuiambia kadi itengeneze diski ya kwanza ya GB 200, alafu kwenye nafasi iliyobaki hapo hapo itengeneze diski ya pili yenye kila kilichobaki. Diski za chuma ni mbili zile zile, zote zinalindwa na RAID 1 ile ile, ila Windows inaona vitu viwili tofauti, kimoja kidogo cha GB 200 ambacho kinawaka hata kwa MBR kwenye BIOS ya zamani, na kingine kikubwa ambacho unakifanya GPT kwa ajili ya data.

Kwenye Dell yenye kadi ya PERC, ikiwa kwenye BIOS ya zamani, unabonyeza Ctrl na R wakati inawaka, unatengeneza diski mpya, chagua RAID 1, tiki diski zote mbili, na kwenye kile kiboksi cha ukubwa (VD Size) USIACHE namba iliyojaa yenyewe, futa andika 200 na hakikisha kipimo ni GB. Hifadhi, alafu rudia tena kwenye kundi lile lile, safari hii acha ijaze yenyewe. Kwenye HP ingia F10 Intelligent Provisioning, utakuta programu ya kupanga array, tengeneza array moja yenye diski mbili, alafu ndani yake tengeneza logical drive mbili, ya kwanza GB 200 ya pili inayobaki. Iweke ya kwanza ndo ya kuwashia.

Angalizo, kutengeneza diski kwenye kadi kunafuta kila kitu kilichopo. Kama diski zilitoka kwenye seva nyingine na zina kitu, kitoe kwanza. Na kama ni kadi ya kweli yenye betri, angalia hali ya betri yake ukiwa humo humo, seva za mtumba betri zimechoka na kadi ikiona betri mbovu inapunguza kasi ya kuandika kwa makusudi, mtu analalamika seva nzito kumbe ni hicho.

Ukimaliza hapa ruka mpaka hatua ya 5 ya flashi, ya UEFI haikuhusu sana.

Hatua ya 4: njia ya UEFI na GPT

Ingia kwenye setingi za mashine. Dell ni F2, HP Gen9 na kuendelea ni F9, tower za kawaida ni F2, F10 au Del, inategemea. Tafuta Boot Mode, weka UEFI. Kwenye tower za kawaida kuna kitu kinaitwa CSM, hicho ndo kinachoruhusu mambo ya kizamani, kizime. Hifadhi, acha iwake upya.

Ukiwa humo humo angalia saa na tarehe. Kama inasoma mwaka 2010 au 2015 basi ile betri ndogo ya duara kwenye ubao, CR2032, imekufa, na usiendelee bila kuibadilisha. Sababu ni hii, tower nyingi umeme ukikatika na betri imekufa setingi zinarudi za kiwandani, na kwenye mashine za umri ule za kiwandani mara nyingi ni Legacy. Sasa fikiria, seva imekaa vizuri miezi mitatu, mvua za Januari zinapiga Tukuyu, umeme unakata usiku mzima mpaka UPS inaisha chaji, asubuhi dada wa akaunti anawasha anakutana na maandishi kwamba hakuna diski ya kuwashia. Anapiga simu anasema seva imekufa, anakuja fundi mwingine aliye karibu, anaona kweli haioni Windows, anafomati. Data za watu zinaondoka kwa betri ya buku mbili tatu. Sasa hiyo simu ukiipata wewe, jambo la kwanza kumwambia ni asiguse kitu, aingie F2 akuambie Boot Mode inasomaje.

Hatua ya 5: flashi

Flashi nayo ina upande. Ukitumia Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia) kwenye Partition scheme chagua GPT, chini yake Target system itajiweka UEFI yenyewe. Kama unafuata ile njia ya kukata kwenye seva ya BIOS basi chagua MBR. Faili la ndani la Windows Server linazidi GB 4 kwahiyo halikai kwenye FAT32, Rufus inalijua hilo inaweka NTFS na kipande chake kidogo cha kuwashia, usishangae ukiona patisheni mbili kwenye flashi. Tumia Rufus mpya, za zamani zinagombana na Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaokagua kinachowashwa).

Toleo la Windows je? Server 2012 R2 iliacha kupewa masasisho Oktoba 2023, achana nayo hata kama una DVD yake nzuri. Server 2016 mwisho ni Januari 2027, kwahiyo kama unaanza leo anza na 2019 au 2022. Nyingine nyingi huku ni Windows 10 Pro inayofanya kazi ya seva, mi sikukatazi ila jua inakubali mashine 20 tu kuunganika kwa wakati mmoja, na nayo muda wake uliisha Oktoba 2025.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Chomeka flashi, washa, ingia menyu ya kuchagua cha kuwashia, F11 kwa Dell na HP, F12 kwa tower nyingi. Kama mashine inaruhusu mitindo yote miwili utaona flashi yako imeandikwa MARA MBILI. Mstari mmoja una jina la flashi tu, mwingine una neno UEFI mbele ya jina lile lile. Ukichagua ule usio na UEFI, Windows itaingia kwa mtindo wa kizamani bila kukwambia chochote, itagawa diski MBR, na utagundua mwishoni kabisa. Ukichagua wenye UEFI, itagawa GPT yenyewe. Yaani 4TB nzima inaamuliwa na mshale wako wa kibodi ulipo kwenye huo mstari. Ukiweza zima kabisa Legacy kama nilivyosema hatua ya 4, mstari unabaki mmoja na kosa halipo.

Hatua ya 6: kupiga Windows yenyewe

Ukifika kwenye skrini ya kuuliza unaweka Windows wapi, inaweza isionyeshe diski hata moja. Hiyo ni draiva ya kadi ya RAID, ipakue mapema kwenye tovuti ya mtengenezaji, iweke kwenye flashi, bonyeza Load driver.

Kama diski iliwahi kutumika, Windows inaweza kukwambia haiwezi kuingia kwasababu diski ina jedwali la MBR na mashine ni EFI, au kinyume chake, diski ni GPT na mashine ni ya kizamani. Hiyo ya pili ikitokea usiifute diski, maana yake uliwasha flashi kwa mstari usio sahihi, rudi hatua ya 5. Hiyo ya kwanza ndo unaisafisha, bonyeza Shift na F10, dirisha jeusi linafunguka, alafu:

```
diskpart
list disk
select disk 0
clean
convert gpt
list disk
exit
```

Kabla ya `clean` simama, soma ukubwa. Kama una diski mbili na flashi imechomekwa, namba 0 sio lazima iwe ile unayodhani, na `clean` haiulizi mara mbili, ukibonyeza Enta imeshatokea. Hii `list disk` ya mwisho ni ya kuhakiki, angalia kulia kabisa kwenye safu ya Gpt, lazima uone kinyota kidogo kwenye mstari wa diski yako. Kinyota kipo, songa mbele. Hakipo, usisonge.

Funga dirisha, bonyeza Refresh. Sasa, kama hukuikata kwenye kadi, usiipe Windows diski nzima! Bonyeza New, andika 204800, hiyo ni GB 200 kwa megabaiti. Itakwambia inatengeneza patisheni nyingine za ziada, kubali, kuna ndogo ya EFI yenye mafaili ya kuwashia, kuna MSR ya MB 16, na ya matengenezo. Hizo ukija kuziona baadae usizifute eti kupata nafasi, ile ya EFI ikiondoka seva haiwaki. Hiyo iliyobaki ya TB 3 na kitu iache tupu, utaifanya D baada ya Windows kuwaka, kupitia diskmgmt.msc, NTFS ya kawaida tu, ukubwa wa klasta usiubadilishe, wa kawaida wa KB 4 unabeba mpaka 16TB.

Kwanini GB 200? Windows Server inaanza ndogo, ila folda ya WinSxS inanenepa kila sasisho, faili la pagefile linaenda na ukubwa wa RAM, na siku moja mtu ataweka SQL ya programu ya mahesabu kwenye C bila kukuuliza. GB 100 itakubana baada ya mwaka, GB 500 ni kubeba bakapu nzito bure. 200 inatosha, kama RAM ni GB 64 fanya 300.

Kwa aliyefuata njia ya UEFI, ikishawaka fungua PowerShell andika `Get-Disk`, safu ya Partition Style isome GPT. Na msinfo32 isome UEFI. Vyote viwili, sio kimoja.

Ubuntu

Kwa wale wa Ubuntu Server mambo ni mafupi. Ukiwa UEFI installer inatengeneza patisheni ya EFI yenyewe. Ukiwa kwenye Gen8 ya BIOS, nayo inatengeneza kipatisheni cha MB 1 mwanzoni mwa diski kwa ajili ya grub (programu inayowasha Linux), hicho ndo kinachofanya GPT ikubali kuwaka kwenye BIOS ya zamani. Kama unagawa kwa mkono usikisahau, bila hicho grub inakosa pa kukaa.

Kinachosumbua watu kwenye Ubuntu sio kuwaka. Unamaliza, unaandika `df -h`, unakuta mfumo mzima una 98G kwenye diski ya 4TB. Watu wanafomati upya kwa hilo jambo, jamani! Installer ikitumia LVM (mfumo wa kugawa diski kwa vipande, kila kimoja kinaitwa LV, unavyoweza kuvinyoosha baadae) kwenye diski kubwa inachukua GB 100 tu makusudi na kuacha nyingine wazi. Unaongeza hivi, hata seva ikiwa inafanya kazi:

```
sudo lvextend -r -L 300G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv
```

Hiyo `-r` inanyoosha na mfumo wa mafaili hapo hapo. Inayobaki itengenezee LV nyingine ya data, usiirundike yote kwenye mzizi.

Ukitumia RAID 1 ya programu bila kadi, kumbuka patisheni ya EFI haiko ndani ya hiyo RAID. Kwenye installer diski ya kwanza iweke kuwa ya kuwashia, na ya pili nayo iongeze kama ya kuwashia, Ubuntu kuanzia 20.04 inaweza kuweka grub kwenye zote mbili. Usipofanya hivo, siku diski ya kwanza ikifa data ipo salama kwenye ya pili ila hakuna cha kuiwasha.

Hatua ya 7: ing'oe diski moja

Kabla hujaweka faili hata moja la mtu. Zima seva, chomoa diski ya kwanza, washa. Inatakiwa iwake, ikilalamika sawa, ila iwake. Zima, irudishe, acha RAID ijijenge upya. Alafu fanya hivo hivo kwa diski ya pili, ila SUBIRI ya kwanza imalize kujijenga. Na hapo uwe na subira, 4TB kwa mwendo wa MB 150 kwa sekunde ni masaa kama 7 na nusu, 8TB ni kama 15, kwahiyo jaribio hili ni la siku mbili, mwambie bosi mapema seva inakabidhiwa Jumatano sio Jumatatu.

Kwa sababu ya masaa hayo hayo angalia diski unazonunua. Kuna aina inaitwa SMR, nafuu, inaandika njia zikilaliana, kwenye kazi ya kujenga RAID inakuwa nzito mno mpaka kadi nyingine inaitupa nje ikidhani imekufa. Mwaka 2020 ilileta kelele dunia nzima baada ya kugundulika kwamba Western Digital waliiweka ndani ya baadhi ya WD Red zilizouzwa kwa ajili ya NAS (visanduku vya kuhifadhi mafaili kwenye mtandao). Tafuta CMR, ile ambayo njia hazilaliani, modeli iangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutuma hela Dar.

Kitu kingine cha diski za mtumba za seva kubwa zikiwekwa kwenye tower ya kawaida, unachomeka waya wa umeme wa SATA diski haizunguki kabisa, kimya. Sio mbovu. Diski hizo pini ya tatu ya umeme imefanywa swichi ya kuzimia na pawa sapulai ya zamani inapeleka volti 3.3 hapo muda wote. Tumia waya wa kubadilisha toka Molex kwenda SATA, diski inazunguka.

Mambo ya huku kwetu

Mbao na vumbi. Seva ya kiwanda cha mbao iwe juu ya meza, sio sakafuni, na ipulizwe mara kwa mara, Mafinga nimefungua boksi nikakuta unga wa mbao umeziba feni za mbele zote. Asubuhi za Juni na Julai Makete na Njombe kuna baridi kweli, diski nyingi za chuma zinaandikiwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 5, kwahiyo usiiweke seva chumba cha bati kisicho na dari alafu ukaizima kila usiku, iache iwake ijipashe. Na diski zikija kwa basi ziache kwenye mfuko wake zizoee joto la chumba lisaa limoja mawili kabla ya kuwasha. Msimu wa mvua toka Novemba mpaka Aprili radi hazina utani, UPS peke yake haitoshi kama waya wa intaneti unatoka nje, huo nao unaleta radi.

Kamera za ulinzi zitoe humo. Kamera zinaandika masaa 24, zitakula kasi ya mahesabu na zitachosha diski ya kuwashia, nunua kisanduku cha DVR kikae na diski yake.

Bakapu kwenye diski ya nje ya USB, na hapo nako kuna mtego, makesi ya USB ya zamani hayaoni zaidi ya 2TB, na mengine yanaibadilishia diski ukubwa wa sekta kwahiyo diski uliyoijaza ndani ya kesi ukiichomeka moja kwa moja kwenye seva inasomeka kama tupu. Haijafutika, irudishe kwenye kesi lake. Kumbukumbu za kodi unatakiwa uzitunze miaka 5, kwahiyo mwenye duka hana hiari kwenye bakapu. Na kama unatumia Windows Server Backup, bakapu ya mashine ya UEFI inarudishwa kwenye mashine ya UEFI, ya BIOS kwenye ya BIOS, usije ukategemea Gen8 ya akiba kuipokea ya Gen9.

Kama imeshaharibika tayari

Seva inafanya kazi, ni MBR, GB 1678 zimekaa bure, na hakuna anayetaka kufomati. Kama ni Windows 10 toleo 1703 kuja juu na mashine ina UEFI, ipo komandi ya kubadilisha bila kufuta. Chukua bakapu kamili kwanza, hakikisha diski haina patisheni kuu zaidi ya tatu, simamisha BitLocker (ile inayofunga diski kwa siri) kama ipo, alafu fungua CMD kama admini:

```
mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS
```

Ya kwanza inakagua tu, haigusi kitu. Ikisema imepita ndo unafanya ya pili. Ikimaliza zima, ingia setingi, badilisha Boot Mode iwe UEFI kabla hujawasha Windows, kwasababu kuanzia hapo kwa Legacy haitawaka tena. Zile nyeusi sasa zitakubali, zifanye D.

Kama mashine haina UEFI kabisa, usiguse hiyo komandi. Nunua ile SSD ya hatua ya 2, hamishia Windows huko, 4TB ifanye GPT ya data baada ya kuitoa data na kuirudisha. Alafu kwa seva yoyote ile chukua karatasi ya gundi, andika ilivyo, mfano "UEFI, GPT, RAID 1, C = 200GB", na tarehe, bandika juu ya boksi, ili fundi anayefuata asome hapo kabla hajachomeka flashi yake.